Simu Iliyoingia Maji: Somo kwa Mtumiaji

Tangu huduma za kutuma na kupokea fedha kwa simu zianze nchini Tanzania mwaka 2008, simu ya mkononi imeacha kuwa chombo cha mazungumzo peke yake. Ndani yake mna orodha ya wadaiwa wa mama lishe, namba za wateja wa dereva wa bodaboda, kumbukumbu za michango ya kikoba na picha ya hati ya kiwanja. Kwa hiyo simu inapotumbukia katika ndoo, mtumiaji hatishiwi kupoteza chombo tu. Hutishiwa kupoteza mauzo ya siku hiyo na pengine kumbukumbu za miaka kadhaa. Somo hili linaeleza kinachotokea ndani ya simu iliyoingia maji, namna ya kuokoa kile kinachookoleka, na haki za mtumiaji anaposimama mbele ya fundi au muuzaji.

Kinachoiharibu simu

Wengi huamini kwamba maji huiua simu papo hapo. Imani hiyo ina madhara ya pande mbili. Mmoja akiona simu imelowa hukata tamaa na kuiacha. Mwingine akiona kioo bado kinawaka hudhani amenusurika, akaendelea kuitumia. Ukweli ni kwamba maji peke yake huharibu vyuma polepole. Kinachoharakisha uharibifu ni umeme unaopita ndani ya maji hayo.

Betri ya simu janja hutoa takribani volti 3.7. Ili maji yaanze kupasuka kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni, zinahitajika volti 1.23 tu. Basi tone likikaa juu ya bodi, kati ya njia mbili za umeme ambazo nafasi kati yake haifiki milimita moja, kazi ya uharibifu huanza mara moja. Chuma cha upande wa chanya huliwa na kuyeyuka; chembe zake husafiri ndani ya tone na kujijenga upande wa pili mfano wa mizizi midogo, mpaka njia ambazo hazikupaswa kukutana zikaungana. Hapo ndipo simu huzimika, hupata joto pasipo sababu, au huanza kujibonyeza yenyewe.

Aina ya maji nayo ina uzito wake. Maji yaliyokenekwa hupitisha umeme kidogo sana, lakini hayo si maji ambayo mtumiaji hukutana nayo. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji yenye chumvi. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita. Jasho lina chumvi, na simu inayobebwa kifuani au kiunoni kutwa nzima hulowa taratibu bila mwenyewe kutambua. Chai ya maziwa, soda na mchuzi huacha sukari na mafuta ambayo hayakauki pamoja na maji. Tukiulizwa ipi iliyo afadhali, simu iliyoangukia Ziwa Victoria au simu iliyomwagikiwa soda mezani, tungechagua ile ya ziwani, mradi imetolewa upesi.

Walimu na viongozi wa vikundi wanaweza kulionyesha jambo hili kwa vifaa vya kawaida. Chukua bilauri mbili za maji na utie kijiko cha chumvi katika kila moja. Katika bilauri ya kwanza tumbukiza ncha mbili za waya wa shaba ambazo hazikuunganishwa na kitu. Katika ya pili tumbukiza ncha mbili nyingine, zilizounganishwa na betri mbili za redio za volti 1.5 zilizopangwa kwa kufuatana ili zitoe volti 3. Hakikisha ncha hazigusani, fanya jaribio mahali penye hewa, na usitumie umeme wa ukutani kamwe. Baada ya dakika chache waya mmoja wa bilauri ya pili utakuwa unatoa mapovu, na mwenzake utakuwa umeanza kuliwa na kuyabadilisha maji rangi. Katika bilauri ya kwanza hapatakuwa na mabadiliko ya kuonekana. Bilauri ya kwanza ni simu iliyozimwa. Ya pili ni simu ambayo mwenyewe anaiwasha kila dakika tano kutazama kama bado ni nzima.

Dakika za kwanza

Endapo simu imeangukia majini ikiwa imeunganishwa na chaja, usiiguse wala usiyaguse maji. Zima umeme kwanza kwenye swichi kuu, kisha chomoa chaja kwa mkono mkavu. Simu hununuliwa nyingine.

Ikiwa haikuunganishwa na umeme, itoe majini na uizime. Usisubiri kumaliza mazungumzo, na usiingie katika picha kuhakikisha kama zipo. Kama kioo hakitii mguso na simu haizimiki, usibonyeze vitufe ovyo, kwa kuwa simu nyingi kitufe kikishikiliwa kwa muda mrefu huzimika na kujiwasha upya, jambo ambalo ndilo tunalolikimbia. Simu ya namna hiyo ipelekwe kwa fundi mapema ili aifungue na kuitenganisha betri na bodi. Kwa simu ya kitochi kazi ni rahisi: fungua mfuniko, toa betri, na umeme umekatika. Katika jambo hili simu ya bei ya chini ina ubora ambao simu janja nyingi za leo, zenye betri iliyofungiwa ndani, zimeupoteza.

Baada ya hapo vua kava, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na ufute maji ya nje kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ishike simu tundu la chaja likiangalia chini, uigongegonge kwa upole katika kiganja ili maji ya tunduni yatoke. Kuitikisa kwa nguvu huyasambaza maji kwenye sehemu ambazo hayakuwa yamefika. Kuipuliza kwa mdomo huongeza unyevu na kuyasukuma ndani zaidi. Njiti ya kiberiti na pamba za masikioni zisitiwe katika matundu. Pamba hunasa, nacho chuma kidogo kilicho katikati ya tundu la chaja hupinda upesi.

Chaja ni adui mkubwa kuliko yote katika saa hizi. Simu nyingi za miaka ya karibuni hutoa onyo kwenye kioo pale zinapohisi unyevu katika tundu la chaja. Onyo hilo liheshimiwe hata kama asilimia zilizobaki ni mbili.

Laini kwanza, simu baadaye

Hapa ndipo watumiaji wengi hupoteza siku nzima bila sababu. Muuza samaki wa Feri ambaye simu yake imeangukia kwenye beseni la barafu iliyoyeyuka hana haja ya kusubiri simu hiyo ipone ndipo apokee malipo. Fedha zake hazimo ndani ya simu, wala hazimo ndani ya laini. Salio lake limeandikwa katika mitambo ya kampuni inayotoa huduma, na fedha zinazolingana na salio hilo hutakiwa kuwekwa benki katika akaunti ya dhamana. Laini ni ufunguo tu, tena ufunguo mgumu kuharibika, kwa kuwa sehemu yake inayofanya kazi imezibwa ndani ya plastiki.

Basi ifute laini kwa kitambaa laini na kikavu, hasa upande wenye rangi ya dhahabu. Ikiwa iliangukia maji ya chumvi au soda, isuuze kwanza kwa maji safi kisha uikaushe vizuri. Itie katika simu nyingine yoyote, hata ya kitochi. Menyu ya fedha inayofunguliwa kwa nyota na reli haihitaji simu janja wala intaneti. Kwa njia hiyo muuza samaki anaweza kurejea katika biashara yake kabla barafu nyingine haijaletwa.

Anayetumia simu ya kuazima azingatie tahadhari moja: ujumbe wa miamala unaweza kubaki katika simu hiyo hata laini ikishatolewa. Ufutwe kabla ya kuirudisha simu kwa mwenyewe, na namba ya siri isitajwe kwa sauti wala kuingizwa na mtu mwingine kwa nia ya kusaidia. Aidha, akifungua WhatsApp katika simu ya pili atatumiwa tarakimu sita za uthibitisho. Tarakimu hizo hazipewi mtu yeyote, awe rafiki au anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja.

Laini ikikataa kusoma, mwenye laini apige simu namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja, akitumia laini ya mtu mwingine ya mtandao huohuo, au aende katika duka la mtandao wake. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, laini hurudishwa kwa mwenyewe kufika akiwa na namba yake ya NIDA na kuweka kidole. Ambaye laini yake ilisajiliwa kwa jina la mjomba au la mume aliyekwisha kusafiri ataujua ugumu wa jambo hilo siku hiyo. Ni afadhali kupiga *106# leo, simu ikiwa nzima, na kuhakiki usajili.

Mchele, jua na jiko

Ushauri unaosambaa kuliko wote ni wa kuifukia simu katika mchele. Mchele mkavu hunyonya unyevu kidogo ulio hewani karibu yake, lakini hauwezi kuyavuta maji yaliyonaswa chini ya vifuniko vya bodi. Kinyume chake, vumbi lake na chembe za wanga huingia katika tundu la chaja na kuganda humo pamoja na unyevu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake waziwazi wasiweke simu katika mfuko wa mchele kwa sababu hiyohiyo. Kosa kubwa zaidi la mchele, kwa maoni yetu, ni muda. Mtu huilaza simu katika mchele siku tatu akiamini inatibiwa, na kumbe siku hizo tatu ndizo kutu ilizokuwa ikizihitaji.

Kinachokausha ni hewa inayotembea. Simu iwekwe kivulini mbele ya feni au chini ya pangaboi, matundu yakiwa wazi. Vifuko vidogo vya chembechembe vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu husaidia kiasi vikiwa vingi na vikavu. Katika masika, kati ya Machi na Mei, hewa ya pwani hujaa unyevu na ukaushaji huchelewa. Usiku mmoja hautoshi.

Moto hautumiki. Betri ya lithiamu haivumilii joto, hivyo simu haipaswi kuwekwa kando ya jiko la mkaa, juu ya bati wakati wa jua kali, katika hewa ya mashine ya kukaushia nywele wala ndani ya oveni. Betri iliyovimba, inayotoa harufu kali au inayopata joto simu ikiwa imezimwa itolewe nje ya nyumba, iwekwe juu ya mchanga au sakafu ya saruji mbali na vitu vinavyoshika moto, na isitobolewe. Simu iliyoingia maji isilazwe chini ya mto usiku huo wala kutiwa mfukoni mwa mtoto.

Maji ya bahari yana kanuni yake, nayo huwashangaza wengi. Maji yakikauka, chumvi hubaki. Na chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewani ikalowa tena kila usiku. Kwa sababu hiyo simu ya kitochi iliyotumbukia baharini, baada ya kutolewa betri na laini, isuuzwe upesi kwa maji safi yasiyo na chumvi kabla ya kukaushwa. Simu janja ambayo mtengenezaji ameitaja kuwa na kinga ya maji nayo huweza kusuuzwa kwa nje, ikiwa imezimwa. Simu janja isiyo na kinga yoyote isimwagiwe maji mengine, kwa kuwa betri yake bado imeunganishwa ndani. Hiyo ifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo.

Simu iliyofufuka

Tuseme siku mbili zimepita, simu imewashwa na inafanya kazi. Furaha hiyo ni halali, lakini isidumu zaidi ya dakika tano. Simu hiyo ni mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya majibu ya vipimo kutoka. Kutu iliyoanza haisimami kwa sababu kioo kimewaka. Huendelea kwa siku na majuma, na mara nyingi spika huanza kukwaruza, kisha chaji hukataa kupanda, kisha simu huzimika moja kwa moja.

Kazi ya kwanza ya simu iliyofufuka, kwa hiyo, ni kunakili. Namba za watu zihifadhiwe katika akaunti ya barua pepe badala ya kubaki katika simu. Picha za nyaraka zitumwe mahali pengine. Mazungumzo ya WhatsApp yahifadhiwe kupitia mipangilio ya programu yenyewe, kwa sababu namba huhamia simu mpya kwa urahisi ilhali mazungumzo yasiyohifadhiwa hayahami. Orodha ya wadaiwa inakiliwe kwa kalamu katika daftari. Baada ya hapo, hata kama simu haina dalili yoyote ya ugonjwa, ipelekwe ikafunguliwe na bodi isafishwe.

Mbele ya fundi

Fundi mzuri wa simu iliyoingia maji hatofautishwi na mbaya kwa ukubwa wa banda. Hutofautishwa kwa anachokifanya baada ya kuifungua simu. Usafishaji unaostahili malipo ni huu: betri hutenganishwa na bodi, bodi hutolewa, vifuniko vya bati juu ya vipande vyake hufunguliwa inapobidi, na sehemu zilizoathirika husuguliwa kwa brashi laini na spiriti maalumu ya kusafishia vifaa vya umeme, yenye maji kidogo sana. Wenye mashine ya kuosha kwa mitetemo ya sauti huitumia kwa sehemu zisizofikiwa na brashi. Anayepuliza hewa ya moto kwa dakika mbili na kuirudisha simu ikiwa inawaka ameikausha tu; uchafu ameuacha palepale.

Mtumiaji anashauriwa kumuuliza fundi kabla ya simu kufunguliwa: gharama ya kuchunguza ni kiasi gani, na je, italipwa hata simu isipopona? Jibu liandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe, namba ya utambulisho wa simu na maelezo ya hali yake wakati wa kukabidhiwa. Fundi mwaminifu hakwepi karatasi, kwa kuwa inamlinda yeye pia dhidi ya mteja atakayedai kwamba kamera ilikuwa nzima. Kipuri kikibadilishwa, cha zamani kirudishwe kwa mwenye simu. Iwapo inawezekana, shuhudia simu ikifunguliwa. Picha moja ya bodi kabla ya kusafishwa humaliza ubishi mwingi.

Simu ikabidhiwe bila laini na bila kadi ya kumbukumbu. Namba ya siri ya huduma za fedha haina nafasi yoyote katika kazi ya kukausha maji, na fundi anayeiomba aachwe. Kuhusu neno la siri la kufungulia kioo, ni kweli kwamba fundi huweza kulihitaji ili ajaribu kamera na maiki. Aliyelitoa alibadilishe mara apokeapo simu, au abaki hapo na kulibonyeza mwenyewe. Kuingia katika taarifa zilizomo kwenye simu ya mtu pasipo ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kukabidhi simu itengenezwe si kutoa ruhusa ya kupekua picha.

Wapo wanaonunua simu kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo kila siku. Hao wasome mkataba wao kabla ya kumwendea fundi yeyote, au wampigie aliyewakopesha. Deni halifutwi na maji isipokuwa mkataba una bima inayosema hivyo, na baadhi ya mikataba huweka masharti kuhusu nani anayeruhusiwa kuifungua simu.

Ahadi ya kinga ya maji

Matangazo ya simu huonyesha vijana wakipiga picha ndani ya bwawa. Katika boksi huandikwa IP67 au IP68. Tarakimu ya kwanza baada ya herufi hueleza kinga dhidi ya vumbi, na ya pili hueleza kinga dhidi ya maji. Saba maana yake ni kwamba simu ilizamishwa kwa kina cha mita moja kwa dakika 30 bila kuingia maji kiasi cha kuidhuru. Nane maana yake ni kuzamishwa kwa masharti makali zaidi ya hayo, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe, na ndiyo sababu IP68 ya kampuni moja si lazima ilingane na ya nyingine.

Majaribio hayo hufanywa kwa simu mpya, ndani ya maji safi yaliyotulia. Hayahusu maji ya bahari, sabuni ya kufulia, wala mvuke wa sufuria ya wali. Hayahusu pia simu iliyowahi kuanguka na kupata ufa, au iliyofunguliwa na fundi kubadilishiwa kioo, kwa kuwa gundi na mipira inayozuia maji hairudi katika hali yake ya mwanzo isipowekwa upya kwa uangalifu. Tena mipira hiyo huchakaa kwa umri hata simu isipofunguliwa.

Zaidi ya hayo, dhamana ya mtengenezaji, au waranti kama wengi waiitavyo, kwa kawaida huondoa madhara ya maji hata kwa simu inayotangazwa kuwa yayastahimili. Mgongano huo kati ya tangazo na dhamana umefika mbele ya vyombo vya sheria vya nchi nyingine. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10, ikieleza kwamba matangazo hayakuweka wazi kuwa kinga hiyo ilithibitishwa katika mazingira maalumu ya maabara tu, ilhali wateja waliopata madhara ya maji walinyimwa huduma ya dhamana. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia iliiamuru Samsung Australia ilipe dola za nchi hiyo milioni 14 kwa matangazo yaliyohusu simu za aina saba. Kampuni ilikiri kwamba matangazo hayo yalipotosha, kwa kuwa tundu la chaja lingeweza kuliwa na kutu endapo simu ingezamishwa katika bwawa au bahari kisha ikachajiwa kabla haijakauka.

Kwa Tanzania Bara, mwenendo wa kumpotosha mtumiaji umekatazwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Mlalamikaji aliyeahidiwa dukani kwamba simu "haiingii maji" atahitaji kuonyesha ahadi hiyo. Hivyo muuzaji aombwe aiandike kwenye risiti. Asiyekuwa tayari kuiandika amekwisha kutoa jibu. Malalamiko yanayohusu laini au huduma ya fedha yaanzie kwa kampuni ya mtandao husika, na yasipotatuliwa yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kununua simu iliyotumika

Simu nyingi zilizoingia maji haziishii jalalani. Husafishwa kwa nje na kuuzwa. Mnunuzi anaweza kujikinga kwa kiasi kikubwa iwapo hataharakishwa. Atoe trei ya laini na amulike ndani ya nafasi yake kwa tochi. Katika simu nyingi kuna kipande kidogo cheupe ambacho hugeuka kuwa chekundu au cha waridi kikiguswa na maji. Wekundu ni ushahidi. Weupe si uthibitisho, maana kipande hicho huweza kubadilishwa. Kwa hiyo aendelee: atazame kioo cha kamera kama kina ukungu, atazame tundu la chaja kama lina rangi ya kijani au unga mweupe, na skrubu za chini kama zina kutu au mikwaruzo ya bisibisi. Apige simu na kusikiliza kwa masikio yote mawili, arekodi sauti yake kisha aisikilize, na aichaji simu kwa dakika kumi mbele ya muuzaji huku akiigusa mgongoni. Joto lisilo la kawaida limtoshe kuirudisha.

Mwisho abonyeze *#06# ili namba ya utambulisho itokee kwenye kioo, ailinganishe na ile ya kwenye boksi ikiwa lipo, na kuitaka iandikwe katika risiti, pamoja na jina la muuzaji na namba yake ya simu, kabla fedha haijatoka mkononi.